Kura ya Ndiyo na Kura ya Hapana: Dhamiri ya Mbunge Mkatoliki Mbele ya Fedha za Vita

Katika semina ya VIWAWA iliyofanyika parokiani kwetu wakati wa Kwaresima, tulikuwa tukitafakari Mafundisho Jamii ya Kanisa juu ya wajibu wa walei katika siasa. Kijana mmoja, fundi umeme, aliinua mkono akauliza: “Padre, mwanasiasa Mkatoliki akipiga kura ya kuruhusu vita, halafu akapiga kura ya kukataa fedha za vita hivyohivyo, huyo ana dhamiri au ana hesabu za uchaguzi?” Swali lake halikuwa la kubuni. Alikuwa ameona katika simu yake kipande cha video cha zamani cha John Kerry, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2004, akijitetea kwa maneno ambayo wapinzani wake hawakumwacha ayasahau. Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika, nikaahidi kuandika. Makala hii inalipa deni hilo.

Mwaka ule wa 2004 mimi nilikuwa frateri, mwanafunzi wa falsafa. Habari za uchaguzi wa Marekani tulizipata kwa redio, kupitia idhaa za Kiswahili za BBC na Sauti ya Amerika. Bweni zima lilimwita Kerry “kinyonga”, nami nilicheka pamoja na wenzangu. Baadaye, nilipopewa jukumu la kufundisha maadili ya jamii, nilirudi kuzisoma kumbukumbu za kura zile moja baada ya nyingine. Nikatambua kwamba tulikuwa tumeicheka kura isiyostahili kuchekwa, na ile iliyostahili kulilia tuliipita bila kuiona.

Mtu na kura yake ya kwanza

John Kerry alizaliwa mwaka 1943 na kulelewa katika imani katoliki. Utotoni alitumikia altareni. Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi la majini, akapelekwa Vietnam, akaongoza boti ndogo za doria katika mito ya delta ya Mekong, akajeruhiwa na kutunukiwa nishani. Aliporudi nyumbani akawa msemaji wa askari waliotoka vitani na kuvipinga vita hivyo. Tarehe 22 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 27, aliketi mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti akawauliza wakubwa wale wanawezaje kumwomba mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa. Hatimaye yeye mwenyewe akachaguliwa kuwa seneta wa Massachusetts. Mwaka 2004 alikuwa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais wa Marekani tangu John F. Kennedy mwaka 1960.

Nimetaja historia hiyo kwa sababu bila hiyo hatuwezi kupima uzito wa kura ya Oktoba 2002. Wakati huo Rais George W. Bush aliliomba Bunge idhini ya kutumia jeshi dhidi ya Iraq, akieleza kwamba serikali ya Saddam Hussein ilikuwa na silaha za maangamizi. Seneti iliipitisha idhini hiyo kwa kura 77 dhidi ya 23. Kerry alipiga kura ya ndiyo. Alieleza kwamba alikuwa akimpa Rais nguvu ya kumbana Saddam kupitia Umoja wa Mataifa, na kwamba vita viwe njia ya mwisho kabisa. Seneta mwenzake wa Massachusetts, Edward Kennedy, Mkatoliki pia, alipiga kura ya hapana, na baadaye akasema hiyo ndiyo kura bora aliyowahi kupiga tangu aingie katika Seneti mwaka 1962.

Tuzingatie jambo moja hapa. Azimio lile la mwaka 2002 halikutaja hata senti moja. Seneta aliulizwa tu kama Rais aruhusiwe. Hakuulizwa nani atalipa, kwa muda gani, wala nini kitafuata baada ya Baghdad kuanguka. Kura za namna hiyo huwa nyepesi mkononi.

Wakati huohuo Mama Kanisa hakunyamaza. Tarehe 13 Januari 2003, Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaambia mabalozi waliokusanyika Vatikano kwamba vita si jambo lisiloepukika, na kwamba daima ni kushindwa kwa binadamu. Februari alimpokea Tariq Aziz, Naibu Waziri Mkuu wa Iraq, aliyekuwa Mkristo Mkaldayo, na akamtuma Kardinali Roger Etchegaray kwenda Baghdad. Tarehe 5 Machi, Jumatano ya Majivu, ambayo Baba Mtakatifu alikuwa ameitangaza kuwa siku ya kufunga na kusali kwa ajili ya amani, mjumbe wake mwingine, Kardinali Pio Laghi, alikutana na Rais Bush huko Washington. Siku 15 baadaye vita vikaanza. Silaha zile za maangamizi hazikupatikana.

Dola bilioni 87

Tarehe 7 Septemba 2003 Rais Bush alitangaza kwamba ataliomba Bunge dola bilioni 87 za nyongeza kwa ajili ya Iraq na Afghanistan. Sehemu kubwa, takriban bilioni 66, ilikuwa ya shughuli za kijeshi: mishahara, mafuta, vipuri, mavazi ya kuzuia risasi. Takriban bilioni 20 zilikuwa za kuijenga upya Iraq, yaani umeme, maji, hospitali na polisi.

Kilichofuata ndicho kilichomletea Kerry taabu, na hakieleweki bila kufuata tarehe. Yeye na Seneta Joseph Biden, Mkatoliki mwingine, walipendekeza marekebisho: fedha hizo zitolewe, lakini zilipwe kwa kuwaondolea matajiri wa ngazi ya juu kabisa sehemu ya punguzo la kodi walilokuwa wamepewa, badala ya kukopa na kuwaachia watoto na wajukuu deni. Tarehe 2 Oktoba pendekezo hilo liliwekwa kando kwa kura 57 dhidi ya 42. Tarehe 16 Oktoba Seneti ilikubali kwa kura 51 dhidi ya 47 kwamba sehemu ya fedha za ujenzi iwe mkopo kwa Iraq na si zawadi. Siku iliyofuata muswada mzima ukapigiwa kura na kupita kwa 87 dhidi ya 12. Kerry alikuwa miongoni mwa wale 12, pamoja na John Edwards, ambaye baadaye angekuwa mgombea mwenza wake, na Edward Kennedy. Biden, ambaye marekebisho yake yalikuwa yameangushwa vilevile, alipiga kura ya ndiyo.

Basi Wakatoliki wawili walisimama pamoja tarehe 2 Oktoba na kushindwa pamoja. Siku 15 baadaye mmoja akasema ndiyo, mwingine hapana. Huwa ninawaeleza wanafunzi wangu kuwa hakuna kitabu cha maadili kitakachowaambia kwa kutazama neno hilo moja nani kati yao alitenda vema.

Kuna na hili, ambalo watu wachache hulikumbuka. Muswada ule ulipokuwa na kipengele cha mkopo, Ikulu ya Marekani ilitishia kwamba Rais angeukataa. Maana yake ni kwamba hata yeye aliyeziomba fedha alikuwa tayari kuzikataa iwapo zingekuja kwa masharti asiyoyataka. Hakuna aliyemtengenezea tangazo la televisheni kwa sababu hiyo. Kipengele kiliondolewa, na tarehe 3 Novemba Seneti ikaupitisha muswada wa mwisho kwa kura ya sauti, ambapo majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana hayaandikwi. Jambo zito kiasi hicho, na aliyetaka kutoonekana alipewa nafasi ya kutoonekana.

Maneno ya Huntington

Tarehe 16 Machi 2004 Kerry alikuwa katika Chuo Kikuu cha Marshall, mji wa Huntington, West Virginia. Kampeni ya Bush ilikuwa imerusha tangazo likimshutumu kwamba aliwanyima askari mavazi ya kuzuia risasi. Alipoulizwa, alijibu kwamba kwa kweli alizipigia kura ya ndiyo zile bilioni 87 kabla ya kuzipigia kura ya hapana. Alikuwa akimaanisha ndiyo ya tarehe 2 Oktoba na hapana ya tarehe 17. Alichosema kilikuwa kweli, na kilimwangamiza. Maneno hayo yakaingizwa katika matangazo ya wapinzani, na katika mkutano mkuu wa Chama cha Republican mjini New York wajumbe walipunga kandambili, kwa kuwa kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa kandambili na kwa mtu kigeugeu.

Waamini wengi watalielewa jambo hili kwa mfano wa nyumbani. Tuseme Halmashauri ya Walei inajadili ukarabati wa paa la kanisa. Mjumbe mmoja anapendekeza kila familia ichangie kulingana na uwezo wake. Pendekezo linashindwa, linaletwa lingine, kwamba kila familia, ya mwenye duka na ya mjane, itoe kiasi kilekile. Mjumbe yule anapiga kura ya hapana. Jumapili inayofuata uvumi unaenea katika jumuiya ndogondogo kwamba fulani hataki paa la kanisa litengenezwe. Je, ni kweli? Alilikubali paa, akakataa namna ya kulilipia. Lakini mfano huu una mpaka wake, nami sitaki kumpamba Kerry kupita kiasi: paa likichelewa, tunalowa mvua, fedha za askari aliyeko vitani zikichelewa, mtu anaweza kufa. Tena, Septemba ileile Kerry alikuwa amesema katika televisheni kwamba haingekuwa uwajibikaji seneta yeyote kuwatelekeza askari. Na kati ya Septemba na Oktoba kulikuwa na jambo lingine: ndani ya chama chake, Howard Dean, mgombea aliyevipinga vita waziwazi, alikuwa akimpita kwa umaarufu. Waliosema kwamba kura ile ya hapana ilimtazama Dean kuliko ilivyomtazama askari hawakuwa wakisema jambo lisilowezekana. Dhamiri ya mtu ni patakatifu ambapo mimi siwezi kuingia. Ninaona tu kwamba mlango wake ulikuwa na kelele nyingi siku zile.

Kanisa linapima nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2309, inataja masharti ambayo lazima yatimie yote kwa pamoja ili ulinzi wa kutumia silaha uwe halali: madhara ya mshambuliaji yawe ya kudumu, mazito na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, kuwe na tumaini la kweli la kufanikiwa, na silaha zisilete uovu mkubwa kuliko ule unaokusudiwa kuondolewa. Kuyapima masharti hayo kumeachwa kwa busara ya wale waliokabidhiwa mafao ya wengi. Namba inayofuata inazungumzia askari, na kuwaita watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa iwapo wanatimiza wajibu wao kwa uadilifu.

Hapa ndipo tunapopata ufunguo wa swali la kijana wetu. Swali la kuanza vita na swali la kuwalipia walioko vitani ni mawili. Mbunge aliyevipinga vita tangu mwanzo anaweza, kwa dhamiri nyofu, kupiga kura fedha zitolewe, kwa sababu askari hakujituma mwenyewe, na kwa sababu taifa lililovunja nyumba ya wengine lina wajibu wa haki wa kusaidia kuijenga. Umeme na maji ya Baghdad vilikuwa ndani ya muswada ule. Mbunge mwingine anaweza, kwa dhamiri nyofu vilevile, kukataa, akiona kwamba kila hundi isiyo na masharti inarefusha vita na kumwondolea mtawala sababu ya kufikiri upya. Fadhila inayoamua kati yao ni busara. Kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, busara ni kutumia akili sawasawa katika mambo ya kutenda. Haina undugu na woga wala na ujanja wa kusoma upepo.

Mwaka 2004 huohuo, Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye akawa Papa Benedikto XVI, aliwaandikia maaskofu wa Marekani kanuni kuhusu kupokea Komunyo Takatifu. Chanzo kilikuwa hasa msimamo wa wanasiasa Wakatoliki, Kerry akiwemo, juu ya utoaji mimba. Humo alieleza kwamba Wakatoliki wanaweza kutofautiana kihalali kuhusu kuingia vitani au kutekeleza adhabu ya kifo, lakini si kuhusu utoaji mimba na eutanasia. Kwa wakati ule mafundisho hayo yalikuwa sahihi na hayakuwa na haja ya kuombewa radhi. Lakini baadhi ya waamini waliyasikia vibaya, kana kwamba Kanisa limesema habari ya vita ni suala la ladha, kama mtu kuchagua kati ya wali na ugali. Kardinali hakusema hivyo. Katika maneno yaleyale alikumbusha kwamba Kanisa linawahimiza watawala kutafuta amani. Pale busara inaporuhusiwa kuchagua, hapo ndipo mtu anapodaiwa hesabu kubwa zaidi, maana hawezi kujificha nyuma ya amri.

Kura ambayo haikuwekwa katika tangazo

Sasa nifikie jambo ambalo bwenini hatukuliona. Katika kampeni nzima ya mwaka 2004 Kerry alihukumiwa kwa kura ya bilioni 87, na alitumia nguvu nyingi kuitetea kura hiyo, ambayo ilikuwa na sababu zake. Kura iliyofungua mlango wa yote ilikuwa ile ya Oktoba 2002. Hiyo ndiyo iliyohitaji kupimwa kwa masharti manne ya Katekisimu: je, madhara ni ya hakika? Je, njia nyingine zimeshindikana, wakati wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa hawajarudi Iraq? Je, tunajua kitakachofuata? Mtu aliyewauliza wakubwa mwaka 1971 habari ya kufa kwa ajili ya kosa alikuwa na haki, na wajibu, wa kuuliza kwa sauti kuliko maseneta wote.

Agosti 2004, akiwa Grand Canyon, Arizona, Kerry aliulizwa: kwa kujua sasa kwamba silaha hazikupatikana, je, angepiga tena kura ileile? Alijibu ndiyo, angempa Rais mamlaka hayo, ila yeye mwenyewe angeyatumia kwa namna tofauti. Kwa maoni yangu jibu hilo lilikuwa zito kuliko maneno ya Huntington. Huntington ulimi uliteleza juu ya jambo la kweli. Grand Canyon ulimi haukuteleza. Alikuwa na nafasi ya kusema “nilikosea”, na washauri wa kampeni wa nchi yoyote watakuambia kwamba neno hilo ni sumu wakati wa uchaguzi, hasa kwa mtu ambaye tayari anaitwa kigeugeu. Ndipo tunaona dhihaka ya kandambili ilivyofanya kazi yake: ilimfunga mtu katika kosa la kwanza ili asionekane kubadilika. Sisi tunaomwita kila anayebadili mawazo kinyonga tusishangae wanasiasa wetu wasipotubu.

Katika mjadala wa tarehe 30 Septemba, huko Coral Gables, Florida, alikaribia. Alikiri kwamba alikosea namna ya kusema kuhusu vita, akaongeza kwamba Rais alikosea kuivamia Iraq, akauliza ni kosa gani baya zaidi. Jibu zuri kwa mjadala. Lakini tazameni alichokiri: alikosea kusema. Juu ya kura yake mwenyewe alinyamaza. Sisi mapadre tunaoketi katika kiti cha maungamo tunaifahamu namna hiyo ya kuungama, mtu anapotaja dhambi ndogo kwa ufasaha ili kubwa ipite nyuma yake.

Tarehe 2 Novemba alishindwa, kwa kura za wajumbe 251 dhidi ya 286 za Bush.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2005, John Edwards aliandika gazetini kwamba alikosea kuipigia kura idhini ya vita, na hakuanza kwa kuzunguka. Kerry naye, mbele ya mkutano wa wanaharakati wa chama chake Juni 2006, alisema waziwazi kwamba kura yake ya mwaka 2002 ilikuwa makosa. Wakati huo Jimbo la Kanisa la Wakaldayo la Baghdad lilikuwa likipoteza waamini kila mwezi, wengine wakikimbilia Syria na Jordan, na parokia za karne nyingi zikibaki na wazee.

Nilipomsomea kijana wetu rasimu ya makala hii, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: “Basi, Padre, siku mbunge wetu akija kuomba kura, nimuulize kuhusu kura ipi?” Nikamwambia amuulize kuhusu ile ambayo hakuna anayemuuliza. Semina ijayo ya VIWAWA itakuwa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, katika ukumbi wa parokia, mara baada ya Misa ya asubuhi. Tutasoma kwa pamoja namba 2302 hadi 2317 za Katekisimu; kila mmoja aje na nakala yake, au akae karibu na mwenye nayo.